Ndege Iliyoshangiliwa Kabla ya Kuruka

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Mliponiachia nafasi ya kuchagua mada, bila shaka wapo waliotazamia kwamba ningezungumza juu ya mitaala au juu ya kanuni za utumishi. Nimechagua kuzungumza juu ya ndege. Sikuichagua mada hii kwa ajili ya kuwaburudisha. Nimeichagua kwa sababu historia ya ndege hiyo ina fundisho ambalo sisi tunaokalia meza za ofisi, na ninyi mnaosimama mbele ya ubao, tunalihitaji sawasawa na wale walioiunda.

Tarehe 8 Julai, 2018, ndege ya kwanza ya aina ya Boeing 787-8 iliyonunuliwa na Serikali kwa ajili ya Shirika la Ndege la Tanzania ilitua Dar es Salaam. Wengi wetu tunaikumbuka siku hiyo. Lakini ni wachache wanaojua kwamba tarehe hiyo hiyo, 8 Julai, miaka kumi na mmoja kabla yake, ndege ya kwanza kabisa ya aina hiyo ilitolewa kiwandani huko Marekani mbele ya macho ya ulimwengu, ikapigiwa makofi na kupigwa picha, na kwamba siku ile ndege hiyo ilikuwa haiwezi kuruka. Ilipita miezi 29 kabla magurudumu yake hayajaiacha ardhi. Miezi hiyo 29 ndiyo mada yangu.

Tuanze na chanzo cha jambo lenyewe. Mwaka 2001 kampuni ya Boeing ilitangaza nia ya kuunda ndege ya abiria ambayo ingekwenda kwa mwendo unaokaribia mwendo wa sauti. Katika mwaka huo huo yalitokea mashambulizi ya Septemba, abiria wakapungua, na mashirika ya ndege yakajikuta katika dhiki kubwa ya fedha. Mashirika hayo hayakutaka tena ndege ya kwenda mbio, yakataka ndege ya kula mafuta kidogo. Ilipofika Desemba 2002 mpango wa ndege ya mbio ukawekwa kando, na mwaka 2003 ukashika nafasi yake mpango wa ndege ya kubana matumizi. Mwezi Aprili 2004 shirika la All Nippon Airways la Japani liliagiza ndege 50 kwa mkupuo mmoja, na mwezi Januari 2005 ndege hiyo ikapewa rasmi namba 787. Ahadi yake ilikuwa kubeba abiria wapatao 240, kwenda zaidi ya kilometa 13,000 bila kutua, na kutumia mafuta pungufu kwa asilimia 20 kuliko ndege za kale za ukubwa wake, kama vile Boeing 767.

Ahadi ya namna hiyo haitimizwi kwa injini peke yake. Hapana budi ndege yenyewe iwe nyepesi, na ili iwe nyepesi lazima iundwe kwa kitu kingine.

Ndugu Mwenyekiti, tangu miaka ya 1930 ndege za abiria zimekuwa zikiundwa kwa alumini. Alumini ni madini mepesi na yenye kufuata mkono wa fundi. Lakini ina maadui wawili, nao ni kutu na uchovu. Mwalimu wa sayansi anaweza kuuonyesha uchovu huo darasani bila maabara: achukue kipande cha waya, aupinde huku na huku mara nyingi, na mwisho waya utakatika ingawa hakutumia nguvu kubwa. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Kila inapopanda juu, hewa iliyomo ndani hukisukuma kiwiliwili chake kutoka ndani kama mpira uliojazwa upepo, na kila inaposhuka msukumo huo hulegea. Safari elfu kwa elfu, madini huchoka. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet, ndege za kwanza za abiria zenye injini za jeti, zilipasuka angani juu ya bahari ya Mediterania, na uchunguzi uliofanywa Uingereza ukathibitisha kwamba madini yake yalikuwa yamechoka. Nazitaja Comet kwa sababu ndugu zao waliokuja baadaye, Comet 4 zilizokwisha kurekebishwa, waliruka pia katika anga letu chini ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 1988, huko Hawaii, ndege ya Boeing 737 ilibanduka sehemu kubwa ya paa lake ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Sababu ilikuwa ile ile, uchovu uliosaidiwa na kutu.

Kwa hiyo wahandisi wa 787 waligeukia nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi. Kwa uzito, nusu ya ndege hiyo ni mseto wa nyuzi na gundi. Alumini ni asilimia 20, titani asilimia 15, chuma cha pua asilimia 10, na asilimia 5 ni vitu vinginevyo. Katika ndege ya Boeing 777, iliyoanza kazi mwaka 1995, mseto wa namna hiyo ulikuwa yapata asilimia 12 tu. Hatua hii ilikuwa kubwa mno kupigwa kwa mara moja.

Asije mtu akadhani kwamba kanuni ya jambo hili ni ngeni kwetu. Kila aliyelelewa katika nyumba ya miti na udongo anaijua. Fito peke yake hazikingi upepo, na udongo peke yake hubomoka kwa mvua ya kwanza. Lakini fito zikishikwa na udongo, na udongo ukishikiliwa na fito, ukuta husimama. Katika ndege, nyuzi za kaboni, ambazo kila mmoja ni mwembamba kuliko unywele, ndizo fito; na gundi ndiyo udongo. Mashine huzizungusha kanda za nyuzi hizo zilizolowa gundi juu ya kalibu kubwa, tabaka juu ya tabaka. Kisha kipande kizima huingizwa katika tanuri kubwa lenye joto na msukumo wa hewa mpaka gundi ikomae. Kinachotoka ni pipa moja la kiwiliwili cha ndege lisilo na kiungo. Kwa hesabu za Boeing wenyewe, pipa moja la namna hiyo huondoa haja ya mabati ya alumini yapatayo 1,500 na ribiti zaidi ya 40,000. Watu wa mwambao, ambao babu zao walisafiri kwa mtepe ulioshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, watalielewa upesi wazo hilo.

Faida zake abiria huziona kwa mwili wake. Kwa kuwa mseto huu haushiki kutu wala hauchoki upesi kama alumini, hewa ya ndani yaweza kuwa na unyevunyevu zaidi na msukumo mkubwa zaidi. Katika ndege nyingi za kale abiria hupumua kana kwamba yuko juu ya mlima wenye kimo cha meta 2,400. Katika 787 kimo hicho ni meta 1,800. Kwa maneno mengine, ni tofauti ya kukaa Addis Ababa na kukaa Nairobi.

Hata hivyo, kila kitu kipya huja na sheria zake. Alumini hupinda kabla ya kuvunjika, na hivyo humwonya fundi. Tabaka za kaboni zaweza kuachana kwa ndani huku juu pakionekana pazima, na fundi hana budi kuzikagua kwa mawimbi ya sauti kama vile daktari anavyomkagua mama mjamzito. Alumini hupitisha umeme wa radi bila taabu; kaboni haifanyi hivyo vizuri, na kwa sababu hiyo ilibidi wavu mwembamba wa shaba ufichwe chini ya rangi ya ndege. Mambo hayo yote yalihitaji uangalifu na yalihitaji muda. Na ni katika suala hilo la muda ndipo hadithi yetu inapogeuka.

Wakati walipobadili kitu cha kuundia, wakuu wa Boeing waliamua kubadili pia namna ya kuunda. Zamani kampuni hiyo ilichora sehemu kubwa ya ndege yenyewe, kisha ikawapa wengine michoro na kuwaambia: tengenezeni hivi. Safari hii washirika walipewa sehemu nzima nzima wazisanifu kwa kina, waziunde, na wabebe gharama zake. Mabawa, ambayo Boeing haikuwahi kuyatoa nje ya nyumba yake, yalipewa kampuni ya Mitsubishi huko Japani. Kawasaki na Fuji, za Japani vilevile, zilipewa sehemu za kiwiliwili na kiungo cha katikati ya mabawa. Alenia ya Italia ilipewa mapipa ya katikati. Vought, katika jimbo la South Carolina, ilipewa sehemu ya nyuma. Na Spirit, katika jimbo la Kansas, ilipewa pua na chumba cha marubani. Ndege za mizigo za 747 zilizopanuliwa matumbo zilikuwa zivikusanye vipande hivyo kutoka pande zote za dunia na kuvipeleka Everett, kaskazini ya mji wa Seattle. Hapo mafundi wangeviunganisha tu. Lengo lilikuwa kwamba, kazi itakapozoeleka, ndege moja iunganishwe kwa siku tatu.

Katika karatasi, mpango huo ulipendeza. Lakini ndani ya kampuni yenyewe alikuwapo mtu aliyekwisha kuonya. Mwezi Februari 2001 mhandisi wa kampuni hiyo, L. J. Hart-Smith, bingwa wa miaka mingi wa viungo vya gundi na nyuzi, alitoa andiko mbele ya wenzake katika mji wa St. Louis. Alieleza kwamba anayegawa kazi nje hupeleka na faida yake huko huko, lakini hasara humrudia yeye. Na kwamba muundaji mkuu hawezi kuwa hodari kupita yule aliye dhaifu kabisa miongoni mwa anaowategemea. Andiko lake lilisomwa. Mpango ukaendelea vile vile.

Ndugu zangu, sasa tumefika siku ya tarehe 8 Julai, 2007. Namna Wamarekani wanavyoandika tarehe, mwezi ukitangulia siku, tarehe hiyo husomeka saba, nane, saba: yaani namba ya ndege yenyewe. Tarehe ilikuwa nzuri mno kuachwa ipite. Watu maelfu kwa maelfu walikusanyika Everett, milango mikubwa ya kiwanda ikafunguliwa, na ndege ikatoka iking'aa kwa rangi mpya. Ilitangazwa kwamba ingeruka baada ya miezi miwili hivi, na kwamba mteja wa kwanza angeipokea yake mwezi Mei 2008.

Waliokuwa nje waliona ndege. Waliokuwa ndani walijua kwamba ni gamba. Mitambo mingi ilikuwa haijafungwa. Vipande kadhaa vilikuwa vimefika kutoka kwa washirika vikiwa havijakamilika, wala karatasi zake za kazi hazikukamilika. Kwa kuwa bolti maalumu za ndege zilikuwa adimu duniani wakati huo, viungo vingi vilikuwa vimeshikizwa kwa bolti za muda, ambazo ilibidi baadaye zifunguliwe moja moja, zihesabiwe, na nafasi zake zitiwe bolti za kweli. Mafundi wanajua kwamba kufungua kilichofungwa vibaya ni kazi kubwa kuliko kufunga vizuri tangu mwanzo.

Kilichofuata ni mlolongo wa ahirisho. Septemba 2007 safari ya kwanza ikasogezwa mbele. Oktoba ikasogezwa tena. Mwaka 2008 ikasogezwa mara kadhaa. Mwaka huo mafundi waligoma kwa muda wa karibu miezi miwili, na baada ya mgomo ikagunduliwa kwamba bolti nyingi zilikuwa zimefungwa isivyotakiwa na ilibidi zifungwe upya. Kila tarehe mpya ilitangazwa kwa sauti ya uhakika, na kila tarehe mpya ilipita.

Mwezi Mei 2009 wahandisi walikuwa wakilijaribu gamba moja la ndege hiyo lililotengwa kwa majaribio ya nguvu, lisilokusudiwa kuruka kamwe. Mabawa yake yalivutwa kwenda juu kwa mitambo ili kuona yatastahimili mzigo gani. Pale bawa linapokutana na kiwiliwili, ncha za mihimili ya ndani inayokwenda kwa urefu wa bawa zikaanza kubanduka kutoka kwenye gamba la juu. Tazameni, ndugu walimu, mahali penyewe pa ufa huo. Bawa liliundwa na Mitsubishi, na kiungo cha katikati kiliundwa na Fuji. Kila mmoja alitimiza sehemu yake, na kasoro ikatokea pale sehemu hizo mbili zinapokutana, mahali ambapo jicho la mwenye kazi, yaani Boeing mwenyewe, ndilo lilipaswa kuangalia zaidi kuliko mahali pengine popote.

Wakati huo ulimwengu ulikwisha kuambiwa kwamba ndege ingeruka kabla ya mwisho wa Juni. Tarehe 23 Juni, siku chache tu kabla ya muda huo kwisha, kampuni ilitangaza kwamba haitaruka. Wateja walinung'unika, magazeti yalidhihaki. Ndugu Mwenyekiti, mimi naona kwamba katika miaka ile yote hiyo ndiyo siku ambayo wakuu wa mradi ule walistahili makofi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule ungezibwa kwa maneno, ukuta wake ungejengwa kwa roho za watu.

Ukarabati ulifanywa katika sehemu 34 za kiungo hicho, ndani ya nafasi finyu ambamo fundi huingia kwa kujikunyata. Ulipokamilika mwezi Novemba, mabawa yalijaribiwa upya, yakathibitika. Ndipo tarehe ya kuruka ikapangwa kwa mara ya mwisho.

Tarehe 15 Desemba, 2009 ilikuwa siku ya mawingu na manyunyu huko Everett. Wafanyakazi na wageni zaidi ya 12,000 walisimama kando ya uwanja. Ndani ya ndege walikuwamo marubani wawili tu, Mike Carriker na Randy Neville. Saa 4 na dakika 27 asubuhi ndege ikainuka. Walioiangalia kwa makini waliona jambo ambalo hawakupata kuliona kwa ndege nyingine za ukubwa ule: mabawa yalijipinda kwenda juu kwa ulaini kama mabawa ya ndege hai, kwa kuwa kaboni hunyumbulika pale ambapo alumini hukakamaa. Marubani waliijaribu mitambo yao kwa mwendo wa pole, lakini hali ya hewa ikazidi kuchafuka, nao wakakatisha safari kabla ya muda uliopangwa. Saa 7 na dakika 33 mchana walitua salama katika uwanja mwingine wa kampuni hiyo, Seattle. Safari ilichukua muda wa saa tatu hivi. Hata katika siku ile ya fahari, walipoona mawingu hayafai, walitua. Sifa ya rubani mzuri ni kutua wakati unaofaa, hata kama watazamaji wangependa kuona zaidi.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Mwezi Machi 2010 mabawa ya lile gamba la majaribio yalivutwa mpaka asilimia 150 ya mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa katika maisha ya ndege, ncha zake zikainuka zaidi ya meta 7, na hayakuvunjika. Mwezi Novemba 2010 ndege ya pili ya majaribio ilishika moto katika sanduku la umeme ilipokuwa ikielekea kutua Laredo, Texas. Majaribio yakasimama, kasoro ikarekebishwa. Mwezi Agosti 2011 serikali zilitoa hati ya kuiruhusu ibebe abiria, na mwezi Septemba mteja wa kwanza akaipokea, akiwa amechelewa miaka mitatu na zaidi. Tarehe 26 Oktoba, 2011 ilibeba abiria wa kulipa kwa mara ya kwanza, kutoka Tokyo kwenda Hong Kong. Shirika la Ndege la Ethiopia, la kwanza Afrika, lilipokea yake mwaka 2012, na Kenya Airways mwaka 2014.

Mwezi Januari 2013 betri za lithiamu za ndege mbili ziliungua katika muda wa siku kumi, moja ikiwa imeegeshwa Boston na nyingine ikiwa angani juu ya Japani. Ndege 50, yaani zote zilizokuwa kazini duniani, zilizuiwa kuruka kwa zaidi ya miezi mitatu mpaka betri zilipowekewa kinga madhubuti. Ya kwanza kurudi angani na abiria ilikuwa ya Ethiopia, tarehe 27 Aprili, 2013, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baadaye, kati ya mwaka 2020 na 2022, utoaji wa ndege mpya ulisimamishwa kwa muda mrefu kwa sababu viungo vya mapipa viligunduliwa kuwa na nafasi nyembamba mithili ya unene wa karatasi. Na tarehe 12 Juni, 2025, ndege ya aina hii ya Air India ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Ahmedabad, wakafa watu 260, wa ndani ya ndege na wa chini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ndege ya aina hii kuua. Kutamka chanzo cha msiba huo ni kazi ya wachunguzi, si ya mzungumzaji kama mimi. Nimeutaja kwa sababu mtu anayesifu ndege na kuficha misiba yake angekuwa anatenda lile lile ninalokuja kulikemea.

Kwa hiyo fundisho ni nini? Si kwamba ndege hii ni mbaya. Imeruka miaka mingi, imepunguza mafuta, imebeba mamilioni ya watu, na baadhi yenu mmeipanda. Fundisho liko katika yale aliyoyakubali hadharani Jim Albaugh, mkuu wa kitengo cha ndege za abiria cha Boeing, mbele ya wasikilizaji wa Chuo Kikuu cha Seattle mwezi Januari 2011. Alisema kwamba kampuni ilivuka mpaka katika kugawa kazi nje, kwamba gharama za kurekebisha zilizidi sana zile ambazo zingetumika kama kazi muhimu zingebaki nyumbani; na alilitaja lile andiko la mhandisi wa mwaka 2001. Miaka kumi ilikuwa imepita. Ukweli ulikuwa umekaa kabatini muda wote huo.

Waswahili husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Boeing ilitaka unahodha wa kuamuru vipande kutoka pembe zote za dunia, ikalegeza ubaharia wa kukijua kila kiungo kwa mkono wake. Sisi nasi tunagawa kazi kila siku. Wizara huigawia mkoa, mkoa huigawia wilaya, mkuu wa shule humgawia mwalimu wa zamu. Kugawa si kosa. Kosa ni kudhani kwamba ukigawa kazi umegawa na wajibu. Kazi inaweza kugawanywa kwa watu kumi, lakini wajibu hubaki mzima juu ya meza ya yule aliyeigawa. Na kasoro, kama tulivyoona, hupenda kukaa kwenye kiungo, pale ambapo kila mmoja anasema: sehemu yangu nimemaliza.

La pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu sherehe. Nipeni ruhusa niseme habari moja niliyoishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika ufunguzi wa madarasa mapya ya shule moja, ambayo sitaitaja jina. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, watoto wakaimba wakiwa wameketi juu ya madawati mapya. Siku ya pili nilirudi kuchukua mwavuli niliousahau. Nikakuta madawati yanapakiwa kwenye lori, yanarudishwa shule ya jirani yalikoazimwa, na wale watoto walioimba jana wameketi sakafuni. Nilimwuliza mwalimu mkuu kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, tarehe ya mgeni ilikwisha kupangwa."

Ndugu zangu, sikumlaumu mwalimu yule, na hata leo simlaumu. Alibanwa na tarehe, kama mafundi wa Everett walivyobanwa na saba, nane, saba. Lakini fikirini yaliyoandikwa katika taarifa ya siku ile. Iliandikwa kwamba shule ina madawati. Taarifa hiyo ilipanda ngazi, ikajumlishwa na nyingine, ikawa hesabu, na hesabu ikawa sababu ya kutopeleka madawati pale mwaka uliofuata. Bolti za muda za ndege angalau zilijulikana kuwa ni za muda, zikahesabiwa, zikatolewa. Je, zile zilizomo katika mafaili yetu, ni nani anayezihesabu?

Ndege haidanganyiki. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ndege na taarifa. Ukiitoa kiwandani haijakamilika, itakuaibisha siku utakayoiwasha. Darasa halina injini ya kukataa kuwaka. Mtoto aliyeandikiwa kwamba amefundishwa bila kufundishwa hapigi kelele siku ile. Hupiga kelele baada ya miaka kumi, akiwa muuguzi asiyejua kupima dawa, au fundi asiyejua kusoma mchoro, au mkaguzi wa ndege asiyejua alama ya tabaka zilizoachana. Na ndege zile zilizotua Dar es Salaam, ambazo wananchi wamezilipia, zinawahitaji wakaguzi wa namna hiyo. Watatoka katika madarasa yenu, si mahali pengine.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, ingawa si jepesi. Mkuu wa kazi akiletewa habari mbaya, asimkemee aliyeileta, maana akimkemea mara moja hataletewa tena. Ataletewa habari njema mpaka siku ya ajali. Na aliye chini, anapoona ncha ya mhimili inabanduka, aseme, hata kama mgeni amekwisha kualikwa na utepe umekwisha kununuliwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tarehe ya 8 Julai, 2007 ilichaguliwa kwa uzuri wake, na ikaleta aibu ya miezi 29. Tarehe ya 15 Desemba, 2009 haikuwa na uzuri wowote. Ilikuwa siku ya mvua, ambayo haikulingana na namba ya kitu chochote. Ilichaguliwa kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Siku hiyo ndiyo ndege iliporuka.